Shule ya kata ya kwetu: nimwache mwanangu au nimhamishe? Wazazi na wanafunzi, naomba maoni ya kweli

Mama Kidato cha Kwanza

Wakuu, salaam. Binti yangu amemaliza la saba na amepangiwa shule ya kata ya kwetu huku, mbele ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Jina la shule silitaji, kuna watoto wa watu pale na walimu wanaojituma. Walio jirani wataijua.

Nyumbani tumegawanyika. Kaka yangu anasema nikope nimpeleke bweni shule binafsi, ada milioni mbili na ushee bila sare wala godoro. Anasema shule za kata ni za kukuzia watoto tu. Baba yake anasema mtoto mwenye akili anafaulu popote. Mimi nauza vitenge, mwenzangu ni seremala. Mkopo wa hivyo kwa miaka minne utatumaliza, na nyuma yake kuna wadogo zake wawili.

Naomba wenye watoto pale, na wanafunzi wenyewe kama mpo humu, mnieleze: walimu wapo? Mchana wanakula? Njiani kuna usalama kwa mtoto wa kike? Na habari za fimbo ninazozisikia ni kweli kiasi gani? Sitaki kutishwa wala kubembelezwa.

Baba wa Watatu

Dada, mimi nimesomesha pale watoto wawili na wa tatu yupo kidato cha pili. Kama una uwezo wowote, mhamishe.

Tatizo la shule ile siyo majengo. Madarasa yapo, mengine mapya kabisa yaliyojengwa kwa zile fedha za UVIKO mwaka 2021, yana vigae na viti vizuri. Tatizo ni nani anasimama mbele ya ubao. Mwanangu wa kwanza alikaa karibu kidato cha tatu chote bila mwalimu wa hisabati. Fizikia walifundishwa na kijana aliyetoka kumaliza kidato cha sita, anajitolea, wazazi tunamchangia nauli. Alikuwa kijana mzuri na alijitahidi, lakini alipopata nafasi ya chuo aliondoka katikati ya muhula, na nani atamlaumu? Tukiuliza kwenye mkutano wa wazazi tunaambiwa barua imeshaandikwa halmashauri. Barua haifundishi hesabu.

Mtoto alimaliza na divisheni foo, daraja la mwisho la kufaulu, hisabati F, fizikia F. Leo anataka ufundi umeme, na kila chuo anachokwenda wanaangalia hayo masomo mawili. Ninapoandika haya bado inaniuma.

Mhitimu wa Kata

Baba wa Watatu pole sana, na unayoyasema ni kweli. Mimi ni zao la shule hiyohiyo, nilimaliza 2019 nikapata divisheni mbili, nikaenda kidato cha tano shule ya serikali ya bweni, sasa nipo chuo. Kwa hiyo Mama, njia ipo. Ila nikueleze ilivyokuwa, usije ukadhani ni akili zangu tu.

Kidato cha kwanza kilitupiga kwenye lugha. Tumetoka shule ya msingi tukisoma sayansi, maarifa ya jamii, kila kitu kwa Kiswahili. Ghafla baiolojia ni Kiingereza, jiografia ni Kiingereza. Kuna zile wiki za mwanzo za kozi ya lugha, ila wengi wanachelewa kuripoti kwa sababu ya sare na wanazikosa. Baada ya hapo mwalimu anaeleza kwa Kiswahili ili tuelewe, tunacheka, tunaelewa kweli. Halafu mtihani unakuja kwa Kiingereza na unakuta mtu anajua jibu lakini hana sentensi ya kuliandikia. Hapo ndipo kukariri madesa, yaani notisi za kunakili, kunapoanzia. Wenzangu wengi waliofeli hawakuwa wajinga hata kidogo.

Kilichonisaidia ni kundi la kujisomea. Tulikuwa watano, tunabaki darasani baada ya kengele, tunapiga maswali ya miaka ya nyuma ya NECTA, Baraza la Mitihani. Mmoja wetu alitoka shule ya msingi ya Kiingereza, akawa anatutafsiria maswali na sisi tunamsaidia hesabu. Mwalimu wa kemia akatuona, akawa anapita kututazama kabla ya kwenda kwake. Huyo mwalimu hakulipwa hata shilingi kwa ile saa.

Kwa hiyo ushauri wangu: akienda, ahakikishe yupo siku ya kwanza, na kabla ya Januari apate mtu wa kumsomesha Kiingereza cha kusoma na kuandika. Kozi za baada ya la saba zipo mitaani kwa bei ya kawaida.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha shule za sekondari za serikali hadi nilipostaafu, na kwa miaka mingi nilikuwa mwalimu wa taaluma. Naomba niseme kwa kirefu kidogo.

Shule za kata zilizaliwa kwa haraka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulianza 2004, na baada ya 2005 kila kata ikahimizwa kujenga. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na sekondari 1,745, za serikali na binafsi pamoja. Mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya 4,200, na nyingi ya zile mpya ni za kata, zilizojengwa kwa nguvu za wananchi. Kabla ya hapo mtoto wa mama muuza vitenge aliyekosa nafasi chache za serikali alikuwa ameishia la saba. Hilo tusilisahau tunapozilaumu. Lakini mwalimu wa fizikia hafyatuliwi kama tofali. Majengo yalitangulia, walimu, vitabu na maabara vikabaki nyuma, na matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yakatuonyesha gharama yake: zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Sisi tuliokuwa madarasani tuliaibika, na wengi wetu hatukuwa na pa kulisemea.

Sasa kwa dada aliyeuliza. Usiulize mtaani kama shule ni nzuri. Tangu Januari 2023 NECTA haitangazi tena shule kumi bora, na mimi naliunga mkono hilo, kwa sababu kushindanisha seminari inayochagua watoto kwa mtihani na shule ya kata inayopokea kila mtoto hakukuwa haki. Lakini matokeo ya kila kituo bado yapo kwenye tovuti yao. Fungua kidato cha nne, tafuta shule yako, kisha usiishie kwenye idadi ya divisheni. Shuka mpaka chini. Kuna jedwali linaloonyesha kila somo, wangapi walifanya na wangapi walifaulu. Angalia hisabati, fizikia, kemia na Kiingereza, kwa miaka mitatu mfululizo.

Nasema hivyo kwa sababu divisheni inaficha mambo. Inapigwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi, A ni pointi 1 na F ni 5. Pointi 22 hadi 25 ni divisheni tatu. Mtoto anaweza kuipata akiwa na F ya hisabati, mradi masomo mengine saba yamebeba. Wazazi wanashangilia, kumbe milango mingi ya ufundi na uhandisi imeshafungwa. Hisabati ni ugonjwa wa nchi nzima, kitaifa wanaofaulu hawafiki hata theluthi, kwa hiyo usitegemee miujiza. Lakini ukikuta shule ya kata ambayo hisabati yake inapanda mwaka hadi mwaka, jua kuna mtu pale anafanya kazi. Mtafute mtu huyo ni nani na kama bado yupo.

Kidato cha Tatu

Shikamooni wote. Mimi nasoma hapo, ni msichana. Natumia simu ya mama na yupo hapa pembeni.

Walimu wa hisabati sasa wapo wawili, mmoja aliajiriwa mwaka jana. Yule wa kidato chetu anafundisha vizuri sana, anarudia mpaka wa nyuma waelewe. Fizikia bado ni mmoja kwa shule nzima. Maabara ipo lakini tunaingia mara chache, tukiingia mnakaa wengi meza moja, wanaoona vizuri ni wa mbele. Vitabu vya kiada vipo, tunatumia watatu au wanne kwa kimoja.

Kinachotusumbua sisi wasichana ni maji na vyoo. Maji yakikatika vyoo havitumiki, na mtu akiwa kwenye siku zake anaomba ruhusa anarudi nyumbani au haji kabisa. Matroni anatunza pedi za dharura ofisini na anagawa, ila hazitoshi, na wengine wanaona aibu kuomba. Watu wanasema wasichana hatupendi shule. Waje waone choo kwanza.

Njiani, asubuhi makonda wanatukataa. Nauli yetu ni mia mbili, wanataka watu wazima. Mnasimama kituoni, daladala inapita, unachelewa, ukifika getini unaadhibiwa kwa kuchelewa. Na kuna vijana wa bodaboda wanakuita wakupeleke bure. Mama amenikataza na mimi sipandi, ila wapo wanaopanda.

Mama Kidato cha Kwanza

Marahaba mwanangu, asante sana kwa kusema wazi. Mwambie mama asante kwa kukuruhusu. Hilo la bodaboda ndilo linalonikosesha usingizi.

Baba wa Watatu

Na sisi wazazi tunakaa kimya. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, anayempa mwanafunzi mimba ni miaka thelathini jela. Lakini safari inaanzia kwenye ile lifti ya bure ambayo kila mtu mtaani anaiona na hakuna anayesema.

Mzazi Mjumbe wa Bodi

Mimi nimo kwenye bodi ya shule, kwa hiyo nitasema ninayoweza kuyasema.

Kuhusu fedha. Wengi wanadhani elimu bila ada ina maana serikali inalipa kila kitu. Tangu Januari 2016 ada ya kutwa, sh 20,000 kwa mwaka, haidaiwi kwa mzazi na serikali inaifidia shule. Ruzuku ya uendeshaji ni sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake haifiki shuleni kama pesa, inakwenda kwenye vitabu. Ukichukua kinachobaki ukatoa chaki, karatasi za mitihani, umeme, maji, mlinzi, matengenezo na vifaa vya maabara, utaona kwa nini bomba likipasuka linakaa. Sitetei vyoo vichafu. Binti aliyeandika hapo juu ana haki, na hoja yake nitaipeleka kikao kijacho kama ilivyo.

Chakula ndiyo vita yetu kubwa. Shule ni ya kutwa. Kwa miongozo ya elimu bila ada, chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Tulikubaliana mkutanoni tuchangie mahindi, maharage na kuni, ambaye hana mazao atoe pesa, inakaribia sh 500 kwa siku. Waliopokea wazo kwa makofi walikuwa wengi. Wanaochanga hawafiki nusu. Matokeo yake saa sita mchana wapo watoto wanaokula makande na wapo wanaokaa chini ya mwarobaini wakisubiri wenzao wamalize. Vipindi vya mchana vinaanza na nusu ya darasa imelala.

Baba wa Watatu

Mjumbe, hapo tutagombana kidogo. Mwaka 2018 Rais Magufuli alikataza michango shuleni, na sisi wote tulisikia. Mwanangu alirudishwa nyumbani kwa sababu ya hiyo sh 500. Mwanafunzi hafukuzwi kwa ajili ya mchango. Hilo halina mjadala.

Mzazi Mjumbe wa Bodi

Kaka, upo sahihi kabisa, kumrudisha mtoto ni kosa, na kama lilitokea lilete kwa maandishi bodini, tutalifuatilia. Kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumwadhibu mtoto. Wazazi kukaa, kukubaliana na kuchanga kwa hiari kwa utaratibu unaojulikana na halmashauri, hiyo haijakatazwa.

Lakini niulize na mimi: hiari ikiwa ina maana asiyetaka anaacha, na mtoto wake anakaa na njaa mbele ya wenzake, tunafanyaje? Familia maskini kweli tunazijua, tumezisamehe na watoto wao wanakula. Wanaonisumbua ni wenye uwezo wa kutoa wasiotoa kwa sababu neno "bure" limewakaa.

Mwalimu Mstaafu

Mjumbe, nilipokuwa kazini tulijaribu kuwaachia wazazi wenyewe daftari la chakula. Kamati ya wazazi, mara nyingi akina mama, wananunua, wanapokea, wanabandika ukutani kila mwezi: kiasi kilichoingia, gunia ngapi, zimebaki ngapi. Walimu hawagusi pesa. Uchangiaji uliongezeka bila mtoto yeyote kusimamishwa mstarini. Mzazi anataka kuona mahindi yake yako wapi.

Mhitimu wa Kata

Nathibitisha. Mwaka wetu pesa ya chakula ilikuwa inakusanywa na mwalimu wa darasa, na ilitugombanisha na mwalimu tuliyekuwa tunampenda.

Mzazi Kimya

Nasoma tu siku zote, leo niseme. Mnaongea chakula na hesabu, mimi nataka mnijibu swali la fimbo ambalo dada aliuliza mwanzo na wote mmeliruka. Mwanangu wa kiume alirudi na alama mgongoni kwa kosa la kuongea Kiswahili darasani. Kuongea Kiswahili, Tanzania hii! Nilipokwenda nikaambiwa ni kanuni ya shule.

Mwalimu Mstaafu

Pole sana mzazi. Kanuni za serikali zipo, na wazazi wengi hawazijui. Adhabu ya viboko inaruhusiwa kwa makosa makubwa ya nidhamu, haizidi viboko vinne, inatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na inaandikwa kwenye daftari maalumu. Msichana anaadhibiwa na mwalimu wa kike, isipokuwa shule isiyo naye. Kila mwalimu kutembea na fimbo yake korido nzima hakumo humo. Kiswahili siyo kosa la nidhamu.

Na mimi niseme la moyoni kama mwalimu. Nimeona watoto wakiacha kuuliza maswali darasani kwa kuogopa kukosea Kiingereza. Mtoto asiyeuliza, mwalimu hajui alipokwama. Tukiendelea hivyo tunafundisha ukuta.

Ulizia daftari la adhabu. Una haki ya kuuliza lililomhusu mwanao. Ukizungushwa, Afisa Elimu Kata yupo, na juu yake Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri.

Kidato cha Tatu

Mwalimu ni kweli. Sisi darasani anayeuliza kwa Kiswahili anachekwa, anayeuliza kwa Kiingereza kibovu anachekwa zaidi. Ila yule mwalimu wa hisabati niliyemtaja anaturuhusu tuulize kwa lugha yoyote, halafu anatuandikia swali letu ubaoni kwa Kiingereza tulinakili. Mtihani wa moko uliopita darasa letu liliongoza mikondo yote kwa hisabati.

Mzazi Mjumbe wa Bodi

Kuna jambo jingine ningependa wazazi walijue mapema. Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Mwaka 2027 watamaliza la saba wa mwisho pamoja na la sita wa kwanza, na Januari 2028 makundi yote mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mama, binti yako atakuwa bado pale. Shule yetu leo mkondo mmoja una watoto zaidi ya sabini. Tumeshaandika kuomba madarasa, vyoo na walimu. Tunachohitaji ni wazazi wa kuujaza ule mkutano wa mwezi wa pili, kwa sababu diwani akikuta watu ishirini anaondoka na ahadi zake, akikuta mia tatu anakaa kusikiliza.

Mama Kidato cha Kwanza

Nimerudi. Nimefanya kama Mwalimu alivyosema, kijana wa jirani amenifungulia tovuti. Hisabati ya shule yetu: mwaka wa kwanza kati ya ile mitatu waliofaulu walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, mwaka uliofuata wameongezeka, wa mwisho wameongezeka tena. Fizikia hali ni mbaya mwaka hadi mwaka. Kiingereza ni katikati. Nilifungua na ya ile shule binafsi anayoitaka kaka yangu. Divisheni zao nzuri, lakini watahiniwa ni wachache sana, na hisabati yao haijapita yetu kwa tofauti ya milioni mbili.

Halafu nikaenda shuleni. Makamu mkuu wa shule alinipokea vizuri, akanionyesha ratiba, akakiri la fizikia bila kuzunguka. Vyoo niliviona mwenyewe. Binti, ulisema kweli, na uliyasema kwa upole kuliko yalivyo.

Nimeamua aende hapo. Ile pesa ambayo ningelipa riba ya mkopo itamlipia kozi ya Kiingereza sasa hivi na tuisheni ya fizikia akifika kidato cha pili. Kaka yangu amenuna, atapoa. Mjumbe, niandike kwenye kamati ya chakula. Sokoni najua pa kununua maharage kwa jumla, na daftari nitalibandika mwenyewe. La choo naomba lisisubiri diwani. Fundi wa mbao ninaye nyumbani, milango mnayo bure, mtafute fundi bomba.

Baba wa Watatu

Fundi bomba ni mimi dada. Mjumbe, niambie Jumamosi gani. Tangi la lita elfu mbili likipatikana, mabomba na kazi naweka mimi. Ila barua ya mwalimu wa fizikia naomba nakala, nataka kuipeleka mwenyewe halmashauri na kurudi na muhuri wa kupokelewa.

Mzazi Mjumbe wa Bodi

Nakala utaipata. Jumamosi nitaitaja hapa nikishaongea na mkuu wa shule, maana ruhusa lazima itoke kwake.

Kidato cha Tatu

Mama, akija kidato cha kwanza asinunue madaftari madogo, wanataka kauntabuku, moja kwa kila somo, na seti ya hisabati. Sweta siyo lazima. Asubuhi sisi wasichana wa upande huo tunakutana kituoni saa kumi na mbili kasoro robo na tunapanda pamoja, kuna dereva mmoja wa Hiace anatupakia wote bila kelele. Aje asimame karibu na duka la dawa, nitamtambua kwa sare mpya.